Hakuna Kumgongea Mwenzako: Tunamkumbuka Fundi Kiganja

Ngo.

Wasikilizaji wapendwa, mmesikia? Msihangaike na redio zenu, ni nzima. Hiyo ni spana. Spana nzito, kuukuu, yenye kutu mdomoni, na nimeigonga mwenyewe kwenye mguu wa meza hii ya chuma ninayoketi kila wiki kuzungumza nanyi. Fundi mitambo wetu amenikunjia uso kule nyuma ya kioo. Atanisamehe, maana leo tutagonga kidogo.

Karibuni sana. Leo tunamkumbuka fundi wa matrekta. Narudia kwa wewe uliyechelewa kufungua redio: leo tunamkumbuka fundi wa matrekta, mzee ambaye kila mtu alimwita Fundi Kiganja, hata mkewe, hata yule aliyeandika jina kwenye mlango wa karakana yake. Ametutoka mwezi huu, mchana, kitandani kwake, mkewe akiwa pembeni.

Mnajua desturi yetu hapa. Kipindi hiki tunakifungua kwa dakika moja ya kimya. Nilipompigia simu mjane wake kumweleza hivyo, alicheka mpaka akakohoa.

"Kimya, mwanangu? Kimya alikuwa nacho cha kutosha. Nusu ya maisha yake kakaa humo humo ndani ya kimya. Mkitaka kumpa heshima yake, gongeni chuma."

Basi tumegonga. Na kabla sijamaliza kipindi mtajua kwa nini.

Fundi Kiganja alikuwa kiziwi. Hakuzaliwa hivyo. Masikio yake yaliliwa na injini, kidogo kidogo, katika miaka ile ambayo mtu akivaa kitu masikioni kazini anachekwa. Kwanza aliacha kusikia ndege. Kisha akaacha kusikia mlango. Mwishowe hata ngurumo ya injini yenyewe aliijua kwa macho tu, kwa jinsi chai inavyotikisika kikombeni.

Lakini mwacheni aweke kiganja chake juu ya chuma. Hapo alisikia kuliko sisi wenye masikio yetu mawili. Alilaza kiganja cha kushoto kwenye injini inayofanya kazi, akafumba macho kidogo, kisha akakuambia vali ipi imelegea. Wapo walionong'ona kwamba mzee ana mambo yake. Mkewe anasema hana mambo yoyote. Chuma kinatetemeka, na mkono wenye subira unajifunza mtetemo. Jina la Kiganja lilitoka hapo.

Nyumbani kwake nilikwenda wiki iliyopita. Nyumba ndogo, safi, karakana iko uani. Kitanda cha chuma. Meza ya kulia ina miguu ya bomba, na mguu mmoja rangi imebanduka yote mahali pamoja. Nikamuuliza mjane, mama, hapa pana nini?

"Hapo ndipo simu yetu ilipokuwa," akaniambia. "Nikigonga mara moja, chakula tayari. Yeye mkono wake uko mezani, ananipata. Mara mbili, kuna mgeni mlangoni. Mara tatu, nimekasirika. Na nikishagonga tatu, mwenzangu anachukua kofia, huyo, karakana. Mwanangu, mimi maisha yangu yote nimegombana na mgongo wa mtu."

Akacheka tena. Kisha akapangusa macho kwa ncha ya khanga, akanimiminia chai.

Tuingie karakana. Paa la bati. Juu, kutoka ukuta huu hadi ule, imelazwa reli ya chuma, na kwenye reli hiyo inaning'inia winchi ya mnyororo, ile ya kuvuta kwa mkono. Ukutani misumari mingi, kila msumari na mkanda wake wa feni. Makopo ya maziwa yamejaa nati. Viti vya wageni ni viti vya matrekta yaliyokufa zamani, ukikaa unazama. Sakafu ni nyeusi kwa oili, lakini hukuti uchafu juu yake.

Humo ndimo ilimozaliwa sheria ya kugonga. Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu habari yote ya leo imesimama juu ya sheria hii.

Mtu asiyesikia anavuta mnyororo wa winchi. Chuma kizito kinapanda. Ukimwambia ngoja, mkono wangu bado uko ndani, hakusikii. Ukipiga ukelele, hakusikii. Basi Fundi Kiganja akaweka utaratibu. Kabla ya kuinua kitu chochote kizito, kila mtu aliye karibu atoe mikono, kisha agonge chuma mara moja kwa kifaa chake mwenyewe. Ngo moja. Maana yake ni moja tu: mikono yangu imetoka. Yeye kiganja chake kiko kwenye chuma, anazipokea zote. Zikishatimia, anagonga ya kwake, ya mwisho, halafu ndipo anapovuta mnyororo.

Narudia. Kila mtu anagonga. Maana ya kugonga ni "mikono yangu imetoka." Yeye anagonga wa mwisho. Bila hivyo, hakuna kinachonyanyuka.

Sasa niwaeleze habari ya katapila moja.

Lilikuwa katapila la zamani, la kikundi cha wakulima. Miguu yake ni minyororo, si magurudumu. Siku zile lilikuwa tayari ni zee, na ndilo pekee lililoweza kusukuma udongo mzito kwenye tuta la bwawa la mashamba yao. Mwaka huo tuta lilikuwa limeliwa na maji pembeni, na mvua zilikuwa zinakaribia. Kila mkulima alikuwa anatazama mawingu, anatazama katapila. Na katapila halikuwaka.

Mimi na injini tunasalimiana kwa mbali. Kwa hiyo nilimwomba dereva wa katapila hilo anieleze taratibu kama anayemweleza mtoto. Dereva huyu ni rafiki wa Kiganja tangu wakiwa wadogo, na watu wanamwita Twende, kwa sababu hilo ndilo neno lake. Chai haijapoa, twende. Mvua inamwagika, twende. Inasemekana hata siku ya ndoa yake alimgeukia mfungishaji ndoa akamwambia, mzee, twende.

"Katapila lile halina stata ya betri," alinieleza Mzee Twende. "Injini kubwa ni ya dizeli, nzito, hakuna mtu wa kuizungusha. Sasa pembeni yake, juu, wameifunga injini nyingine ndogo, ya petroli. Sisi tunaiita mtoto. Unamwasha mtoto kwa kuvuta kamba. Mtoto akishachangamka, unamuunganisha na mama kwa gia, anamzungusha, anamzungusha, mpaka mama anakohoa anaamka. Mtoto akiugua, mama halali, lakini haamki pia. Ndivyo ilivyokuwa mwaka ule. Pistoni ya mtoto iliganda. Lazima atolewe."

Lazima atolewe. Na kumtoa mtoto yule mgongoni kwa mama yake si kazi ya kukurupuka. Kwanza unamwaga maji ya kupozea, maana injini zote mbili zinakunywa maji yale yale. Unafunga petroli, unatoa kijibomba chake. Unatoa bomba la moshi. Unafungua fimbo za klachi na gia. Unamfunga mnyororo wa winchi, unaukaza kidogo tu, asianguke. Halafu unaanza kufungua bolti na nati zinazomshika. Zote zinafikika, isipokuwa moja.

Nati ya nyuma. Iko katikati ya mtoto na ubavu wa injini kubwa, kwenye mwanya ambao hata panya angefikiri mara mbili. Kiganja, kama jina lake, alikuwa na mkono mpana. Haukuingia. Twende akajaribu, ukakwama kwenye kifundo. Mkewe Kiganja akajaribu naye.

"Mkono wangu ni wa kufulia mablanketi," aliniambia. "Uliishia mlangoni. Mume wangu akanitazama, nami nikamtazama. Wote tukamfikiria mtu mmoja. Wifi yangu."

Wasikilizaji wapendwa, huyu wifi ni dada mdogo wa Fundi Kiganja. Ni fundi cherehani. Wakati huo alikuwa mjane kijana mwenye watoto wawili, na watoto wale walikula kwa mkono wake wa kulia. Cherehani chake alikuwa amekitengeneza kaka yake kutoka kwenye mabaki, gurudumu la huku, mguu wa kule. Mkono wake ulikuwa mwembamba na mrefu, vidole vyepesi. Mkono ule ukiumia, nyumba ile inalala njaa. Kila mtu pale karakana alilijua hilo, na Kiganja alilijua zaidi ya wote, kwa kuwa ndiye aliyemlea.

Kwa nini basi alimwita? Nilimuuliza mjane swali hilo. Alinijibu kwamba Kiganja hakumwita. Alikaa kwenye kiti cha trekta, akasema mtoto hatatolewa, na tuta lingoje. Aliyekwenda kumwita ni mkewe. Na wifi mtu alipopata habari hakusubiri kubembelezwa.

"Nilikuwa nachomeka mkono wa shati," alinieleza mama fundi mwenyewe, ambaye leo ni bibi mwenye wajukuu. "Niliacha hapo hapo. Hata kastabini sikuvua. Kaka amenilea, amenipa cherehani, leo anahitaji vidole tu, nikae?"

Kastabini, kwa msiojua, ni kile kikofia kidogo cha chuma ambacho mafundi cherehani huvaa kidoleni wasijidunge sindano. Aliingia nacho karakana kwenye kidole cha mkono wa kushoto. Ndicho kikawa kifaa chake cha kugongea. Tangu walipoanza kutoa lile bomba la moshi, kila zamu yake ilipofika aligonga kwa kastabini. Ti. Wenzake ngo, ngo, yeye ti. Twende akamtania kwamba anabisha hodi kwa sisimizi.

Sasa tumefika penyewe.

Bolti na nati nyingine zote zimetoka. Mnyororo umemshika mtoto. Mama fundi amepanda juu ya katapila, amelala kifudifudi, mkono wa kulia umezama kwenye ule mwanya. Mke wa Kiganja anamulika kwa taa ya mkono. Twende yuko ubavuni na mtaimbo wa kuelekeza. Kiganja yuko upande wa pili, ambako haoni mwanya: mkono mmoja mnyororo, mkono mmoja chuma. Anangoja.

Nati ikafunguka. Mama fundi akaizungusha kwa ncha za vidole, akaitoa, akautoa mkono wake nje. Twende aliuona kwa macho yake. Mkono ulikuwa nje.

Mke wa Kiganja akagonga kwa ndoano ya taa. Ngo. Twende akagonga kwa spana. Ngo. Ikabaki zamu ya mama fundi. Lakini mama fundi vidole vya kulia vimeshika nati iliyojaa grisi, na kwa mkono wa kushoto amejishikilia asiteleze. Twende akamhurumia. Ya nini kumsumbua? Mkono si uko nje? Akanyoosha spana yake, akamgongea.

Ngo.

Na papo hapo nati ikamponyoka mama fundi.

"Mwanangu, mimi ni fundi cherehani," alinieleza. "Pini ikidondoka huwa sifikirii. Mkono unaifuata wenyewe, kwa sababu chini kuna watoto wanatambaa. Basi ile nati ilipochoropoka, mkono uliifuata kabla mimi sijajua. Nikajikuta nimeingia mpaka kwenye kiwiko."

Oneni hapo, wasikilizaji wangu. Hakuna aliyefanya ubaya. Mmoja ameifuata nati, mwingine amemsaidia mwenzake. Na mkono unaolisha watoto wawili uko kwenye mwanya, nyuma ya chuma kinachoning'inia. Fundi Kiganja amekwisha kupokea ngo zote. Kimebaki agonge ya kwake na kuvuta.

Hakugonga.

"Nilidhani hajaipata," anasema Mzee Twende. "Nikagonga tena, kwa nguvu. Hakugonga. Nikapiga kelele, twende! Nikasahau kwamba namfokea kiziwi. Kumbe ameshauachia mnyororo. Akazunguka polepole, akaja upande wetu, akainama, akamwona dadake mkono wote uko ndani anatafuta nati. Nilipoona anachokiona, niliiweka spana chini."

Kiganja alifanya nini? Hakumshika, kwa sababu kumshtua mtu aliyeingiza mkono mahali pale ni kumuumiza. Hakumgombeza. Alimgusa bega kwa kidole, na mama fundi anakumbuka neno alilosema, neno moja tu, kwa ile sauti nzito ya mtu asiyejisikia mwenyewe.

"Nangoja."

Kisha akarudi upande wake, akaweka kiganja kwenye chuma, akangoja.

Mama fundi akaipata nati. Akaitia mfukoni. Akautoa mkono. Akashuka kabisa chini, akagonga. Ti.

Kiganja akagonga ya kwake. Akavuta.

Mtoto akapanda kidogo, kisha ile gia yake ikang'ang'ania ndani. Kiganja akavuta tena. Gia ikaachia ghafla, na injini nzima ikayumba nyuma, ikajipiga kwenye ubavu wa mama yake. Dii! Karakana nzima ikatikisika. Ikajipiga pale pale kwenye ule mwanya. Mama fundi alikuwa ameacha humo kitambaa alichofutia grisi. Walipokitoa, kilikuwa vipande viwili, kimekatika kama kimepigwa mkasi.

Mke wa Kiganja alikuwa wa kwanza kulia. Twende alikaa kwenye mnyororo wa katapila, kichwa kimeinama, anasema nilitaka kumsaidia, nilitaka kumsaidia tu. Na mama fundi? Alivichukua vile vipande viwili, akaenda navyo kwake, akavipiga pindo, akavifanya vitambaa vya kufutia cherehani.

"Grisi haikutoka yote," aliniambia, "lakini vilifanya kazi vizuri."

Baadaye walimuuliza Kiganja kwa ishara alijuaje. Alisema ilimjia spana mara mbili. Kastabini ya mdogo wake aliijua, nyepesi, inakuna kiganja kama ukucha. Siku nzima alikuwa akiipokea. Zamu ile hakuipata. Alipata spana, halafu spana ile ile, kwa mkono ule ule. Aligonga nani, na kwa nini, hakujua. Alijua tu kwamba mdogo wake bado hajasema mwenyewe.

Halafu akamwendea rafiki yake pale alipokaa. Twende alikuwa anangoja kufukuzwa. Kiganja akaketi kando yake juu ya mnyororo ule ule, akamwambia hivi, na Mzee Twende alinikariria kila neno: "Ukitaka kumsaidia, mshike asianguke. Usimgongee." Kesho yake akampa ile spana iwe yake. Wasikilizaji wapendwa, spana hii niliyoigonga mwanzo wa kipindi ndiyo hiyo hiyo. Mzee Twende ameniazima, na ameniambia nisipoirudisha jioni hii atakuja kuichukua mwenyewe hapa studio.

Tangu siku ile palikuwa na maneno yamepakwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa karakana, kwa ndani, mahali ambapo wateja hawaoni lakini mafundi wanaona: HAKUNA KUMGONGEA MWENZAKO.

Mtoto alifunguliwa, akatiwa pistoni mpya, akarudishwa mgongoni kwa mama. Nati ya nyuma ilikazwa na mama fundi. Ndiyo, alirudi. Aliingiza mkono ule ule mahali pale pale. Nilipomuuliza kama hakuogopa, alinitazama kama niliyeuliza jambo la ajabu.

"Niogope nini? Si alikuwa kaka anayevuta?"

Katapila likawaka. Tuta likapandishwa kabla ya mvua, na bwawa likashika maji.

Lakini mimi leo sishukuru kwa ajili ya bwawa. Nashukuru kwa ajili ya ule mkono. Watoto wale wawili walikua kwa mkono huo, wakasoma, wana familia zao. Mkono huo umeshona sare za shule, nguo za kanisani na kanzu za msikitini, mapazia, mashati ya wachukuzi sokoni. Gauni nililovaa mimi siku ya harusi yangu lilishonwa na mkono huo. Sikujua. Nimejua wiki iliyopita tu, nilipokwenda kwake na kinasa sauti changu, akanitazama kiunoni akasema, mwanangu umenenepa, nilikupima mimi. Huenda na wewe unayenisikiliza, hapo ulipo, umevaa kitu kilichoshonwa na mkono ambao mtu fulani aliungoja utoke. Nilitoka pale nimejaa shukrani hadi nikashindwa kuwasha gari mara moja, na safari hii injini haikuwa na kosa.

Siku zake za mwisho Fundi Kiganja hakuwa na maumivu makubwa. Nguvu ziliisha tu. Alilala kwenye kitanda kile cha chuma, kiganja chake kimeshika ubao wa kichwani, ambao nao ni bomba. Mkewe alikuwa akiingia anagonga mara moja kwa pete yake. Naye anajibu kwa kidole, mara moja. Maana yake nipo.

"Siku ile niliingia na uji," alinieleza mjane. "Nikagonga. Hakujibu. Sikugonga tena. Niliketi pembeni yake nikangoja. Yeye alitungoja wote, mimi ningemharakisha?"

Wasikilizaji wapendwa, nisameheni kidogo.

Haya. Nimerudi.

Nilikuwapo kwenye mazishi. Watu walikuwa wengi, wakulima wa bwawa, mafundi wa kila namna, na watu waliovaa vizuri, sasa najua kwa nini. Kaburi lilikuwa tayari. Kamba zilikuwa mikononi mwa mafundi aliowafundisha. Pembeni, kwenye ule udongo mbichi, ulikuwa umelazwa mtaimbo uliotumika kuchimbia.

Yule anayeongoza ibada akawapa ishara washushe. Mafundi hawakushusha. Akawapa ishara tena. Wakabaki wameshika kamba, wanatazama mtaimbo.

Ndipo mjane wake akasogea, akainama, akagonga mtaimbo kwa pete. Ngo. Mzee Twende akatoa spana kwenye koti lake. Ngo. Mama fundi akashikwa mkono asianguke, akainama, amevaa kastabini. Ti. Mafundi nao, mmoja mmoja, mkono mmoja kwenye kamba, mkono mmoja kwenye chuma.

Kisha ikafika zamu ya mwisho. Mnajua zamu ya mwisho ilikuwa ya nani.

Tulingoja. Mafundi hawakushusha, kwa kuwa hawajawahi kushusha bila ile ngo ya mwisho. Mzee Twende akainua spana yake. Nilimwona. Aliinua mpaka usawa wa kifua, machozi yanamtiririka. Halafu akaishusha taratibu, akairudisha kwenye koti. Twende, yule yule wa twende, akasimama akangoja.

Aliyesema ni mama fundi. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemaliza kazi.

"Kaka mikono yake imeshatoka. Shusheni."

Wakashusha.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki, nampa pole mjane wa Fundi Kiganja. Mama, meza yako ina simu isiyopokelewa sasa, na tunajua uzito wake. Nampa pole mama fundi, dada wa marehemu, na wanawe, na wajukuu. Nampa pole Mzee Twende, na mafundi wote wa karakana ile. Mola amlaze mahali pema, na awape nyinyi nguvu ya kuendelea. Na kwa niaba yangu mwenyewe, kwa ajili ya gauni moja, nasema asanteni.

Nanyi mlioko majumbani, nawaachia jambo la kutafakari. Yupo mtu karibu yako ambaye bado hajasema mwenyewe kwamba yuko tayari. Umemsemea. Umeona kwa macho yako kwamba yuko salama, ukamhurumia, ukasema kwa niaba yake, ili mambo yaende. Kabla hujavuta mnyororo, weka kiganja. Mngoje.

Familia imeomba kitu kimoja tu. Kila aliyesikia habari hii agonge chuma mara moja, popote alipo. Sufuria, geti, kitasa cha mlango, chochote.

Ngo.

Hiyo ni yangu. Yako, gonga mwenyewe.